Siku wanajeshi walipoitumia diski yetu ya siri kupiga simu nyumbani (kisa changu, Bukavu)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Jana nimeona uzi wa jamaa anauliza diski ipi ni salama kwa data za ofisi, na wataalamu mkararuana kurasa nne nzima kwa majina ya encryption ambayo hata kuyatamka ni kazi. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama nimemeza dawa.

Basi nimeamua kusimulia yaliyonikuta. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wengi wako hai na mmoja wao ni mama mkali sana. Yaliyobaki yote ni kweli. Atakayesema ni chai aje Bukavu nimwonyeshe ukuta wenyewe, tundu za pini bado zipo.

Mtanivumilia lugha. Mimi nimesoma kwa Kifaransa, Kiswahili cha kuandika nimejifunzia humu humu kwenu, kwenye ugomvi wenu wa mpira.

Ilikuwa miaka ya vita. Mwaka siutaji, maana kwetu vita vilikuwa vinapokezana zamu kama walinzi wa usiku, na kila mtu ana hesabu yake.

Nilikuwa informaticien, yaani mtu wa kompyuta, wa shirika letu dogo pale Ibanda. Cheo kikubwa, ofisi vyumba vitatu na koridori.

Kazi yetu ilikuwa kuandika watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia. Jina, umri, alama mwilini, aliokotwa wapi, sasa anaishi kwa nani. Mzazi akija, tunatafuta kwenye orodha, tunamwambia mtoto wako yuko kwa fulani, Walungu au Kalehe au wapi.

Shida ni kwamba kwenye orodha hiyo hiyo kulikuwa na wavulana waliotiwa bunduki mkononi wakatoroka. Waliowatia bunduki walikuwa wanawatafuta.

Kwa hiyo elewa hapa mkuu, maana kisa chote kinasimama juu ya jambo hili. Orodha ikipotea, mama hamwoni mtoto wake. Orodha ikiingia mikono mibaya, mtoto anafuatwa mpaka kitandani.

Na mwanzoni tuliitunza vibaya mno. Password ya email yetu ilikuwa bukavu1. Ile 1 niliiongeza mimi mwenyewe, kwa ajili ya usalama.

Siku moja watu wasiojulikana walifika kwenye nyumba moja Kalehe wakimuulizia mvulana kwa jina lake, jina la bibi yake, na kovu lake la mkono. Mambo hayo yalikuwa yameandikwa sehemu moja tu duniani, kwenye email yetu. Mtu alikuwa ameingia humo na kusoma kwa raha zake. Bahati mama mlezi alikuwa ameshamhamishia mtoto kwa dada yake siku mbili kabla, kwa sababu ya ugomvi wa mbuzi. Mbuzi ndiye aliyemwokoa yule mtoto. Mimi nilichangia hatari tu, na nililia chooni kama mtoto.

Wafadhili wakatutumia dawa. Diski.

Wakuu, ile diski. Ndogo, nene, inakaa kiganjani. Ndani haina sahani inayozunguka wala sindano, ni chip tupu, ukiidondosha kwenye ngazi haina habari na wewe. Usoni ina vitufe vya namba, sifuri hadi tisa, na kitufe kimoja chenye mchoro wa ufunguo. Kila unachoweka ndani kinafungwa chenyewe. Ukitaka kuifungua unabonyeza ufunguo, unaingiza namba sita, unabonyeza ufunguo tena. Taa ya kijani, karibu ndani. Taa nyekundu, umekosea.

Ukikosea mara kumi mfululizo inajifuta yote. Barua iliyokuja nayo ilisema hata aliyeitengeneza hawezi kurudisha kitu.

Barua ilisema pia tutatumiwa diski ya pili kwa ajili ya backup. Hiyo ya pili mpaka leo iko safarini.

Tukahamishia orodha yote kwenye diski, tukafuta kwenye kompyuta, na fomu za karatasi tukazichoma nyuma ya ofisi. Kiberiti nilishika mimi. Diski nikaivaa shingoni, chini ya shati, pamoja na rozari.

Sasa swali likawa, nani ashike zile namba sita?

Hapa ndipo ujue sisi watu wa Bukavu tukoje. Parokia yetu sanduku la sadaka lilikuwa na kufuli tatu. Moja ya padri, moja ya baraza, moja ya wamama. Halifunguki mpaka watatu wasimame pamoja, na hivyo hakuna anayemshuku mwenzake. Maman Présidente wetu, Maman Nabintu, ndiye huyo huyo aliyeshika ufunguo wa wamama kule parokiani, na kwake dunia yote ilipaswa kuwa na kufuli tatu.

Akaamua: watu watatu, kila mmoja namba mbili. Papa Directeur, Papa Bisimwa wetu, mbili za kwanza, yeye mbili za katikati, Papa Secrétaire mbili za mwisho. Mimi informaticien sitajua hata moja.

"We uko mutoto mwema," aliniambia, "lakini bakikupiga kofi moja tu, utasema zote na ya nyongeza."

Sikubisha. Alikuwa ananijua vizuri.

Siku ya kuweka namba ilikuwa kama misa. Kila mmoja aliingia kwa zamu yake, wengine tukageuka kutazama ukuta, Maman Nabintu akifuatilia nani anapindisha shingo. Taa ya kijani ikawaka. Tukapiga makofi. Nilijiambia, hata shetani haingii humu.

Sasa nimtambulishe Papa Secrétaire, Papa Ntakwinja. Mzee mwembamba, msafi, suti moja ya kahawia. Imani yake kubwa baada ya Mungu ni PV, procès-verbal, yaani kumbukumbu za kikao. Kwake jambo ambalo halina PV halikutokea. Hata sambaza za sherehe, dagaa wetu wa ziwani, zikigawanywa ofisini, yeye anaandika nani kapata sahani ngapi, anapiga cachet, muhuri wa ofisi, mnasaini.

Siku ile naye aliandika PV yake, kurasa mbili za Kifaransa kizuri. Akatuletea, tukasaini wote. Mimi sikusoma. Ilikuwa saa ya kula, na nani amewahi kusoma PV? Nikasaini, tukaenda zetu.

Miezi ikapita salama.

Halafu mji ukabadilisha mabwana tena. Siku tatu milio, siku ya nne kimya, siku ya tano tukarudi kazini tukiwa tunasalimiana kwa sauti ya chini. Simu hazina réseau, yaani mtandao, na umeme hakuna. Papa Secrétaire alikuwa ameondoka kabla ya milio kwenda kwenye msiba Walungu, na njia ikafungwa nyuma yake.

Asubuhi ile ile akaingia mama mmoja. Viatu vya plastiki, mfuko wa vitunguu kichwani, kitenge cha kijani kimefifia. Ametoka Minova, nusu kwa mtumbwi, nusu kwa miguu.

"Papa, natafuta mutoto wangu," aliniambia. "Anaitwa Zawadi, iko na miaka sita. Kwa njia ya Kalehe bunduki zilianza kulia, nikashika mukono ya mutoto, nikakimbia. Kufika mbele kuangalia, kumbe nilishika mukono ya mutoto wa jirani."

Alisema hivyo bila kulia. Yule wa jirani alikuwa ameshamrudisha kwao.

Nilimjibu sentensi ambayo mpaka leo naionea aibu: "Mama, ukae pale. Tunamungoja Secrétaire."

Akakaa kwenye benchi la koridori. Siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Asubuhi anafika kabla yangu, jioni anaondoka kwenda kulala kwa dada mmoja wa kanisani Kadutu. Anauliza mara moja tu kwa siku, "Secrétaire hajafika?" na mimi najibu hajafika. Basi anakaa anatazama ukuta, maana kingine cha kutazama hakikuwepo.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa valves. Kwetu ubao wa matangazo tunauita valves, na kila ofisi ya Kongo inao. Wetu ulikuwa mkubwa, umejaa makaratasi yaliyogeuka njano: ratiba za usafi, matangazo ya ndoa, kozi ya kompyuta iliyokwisha zamani. Sijawahi kumwona mtu anausoma.

Siku ya nne ya yule mama ilikuwa ya mvua. Na ndiyo siku walipokuja.

Walikuwa wanane na Commandant wao, mnene, mpole wa sauti, ule upole wa kumtia mtu jasho. Walitusimamisha koridorini, mimi, Papa Directeur na Maman Nabintu. Mama wa Minova alikuwa ndiyo kwanza anaingia, maji yanamtiririka.

"Tulisikia muko na liste," Commandant alisema. "Liste ya batoto benye kukimbia kazi. Iko wapi?"

Papa Directeur akajibu, "Mon commandant, hapa hakuna liste yoyote kwa karatasi." Alisema kweli tupu, na mkono wake ulikuwa kifuani kama anaapa.

Wakapekua. Makabati, droo, mpaka sufuria ya chai. Laptop wakaichukua, ndani mlikuwa na mchezo wa karata tu. Halafu mmoja akanipapasa mimi, akavuta ile kamba shingoni. Rozari ikatoka, na diski nyuma yake.

Wakuu, akaivua diski, akampa Commandant.

Commandant akaleta kiti, akakaa chini kabisa ya valves, akaigeuza diski mkononi. Akaona namba. Akaona kile kitufe cha ufunguo. Uso wake ukabadilika, mimi nikajua tumekwisha.

"Hii," akasema polepole, "ni téléphone ya satellite."

Akainyanyua tuione sote.

"Réseau imekatika mu muji muzima, nyinyi muko na téléphone ya satellite mu shingo. Munaongeleaka na nani?"

Ni lazima muelewe, siku zile kukutwa na simu ya satellite kulimaanisha wewe ni jasusi. Lakini kumwambia si simu, ni diski, ndani mna ile orodha unayoitafuta, hiyo nayo haikuwa njia. Nikachagua ujinga, ambao kwangu haukuhitaji maandalizi.

"Tunaongeleaka na bafadhili, mon commandant."

Akanitazama. Akatazama diski. Halafu nikaona macho ya mtu mwenye jambo lake binafsi. Akabonyeza ufunguo, akapiga namba kumi za mtu fulani, akabonyeza ufunguo tena, akaiweka sikioni.

Taa nyekundu. Moja.

"Haiite," alisema.

"Pengine mvua, mon commandant," alisema Papa Directeur, kwa sauti ya mtu anayehuzunika naye.

Akajaribu tena. Mbili. Akampa makamu wake, huyo akaitafuta namba ya kaka yake. Tatu. Na hapo foleni ikaanza. Wanaume wazima wenye bunduki wakajipanga koridorini mwangu kama kwenye kisima, kila mmoja na namba ya mtu wake kichwani au kwenye kikaratasi. Mke wa Kisangani, nne. Mchumba, tano. Mmoja alitaka kumpigia mtu aliyemuuzia redio mbovu. Sita.

Mimi nahesabu. Papa Directeur hajui habari ya mara kumi kama mimi ninavyoijua, yeye kaanza kufurahi na anawashauri waanze na sifuri mbili.

Katikati ya haya, yule mama wa Minova akasimama kutoka benchi.

"Papa Commandant," alisema, "unipatie ruhusa nianike kitambaa yangu. Mvua ilinilowesha."

Bila kusubiri jibu akavua kitenge alichojifunika begani, akapita katikati ya bunduki, akakitandaza juu ya valves, upande hadi upande, akakibana kwenye misumari.

Nilimlaani moyoni. Nikasema huyu mama wa vitunguu atatuua kwa kukosa adabu. Na kweli maji yakaanza kudondoka kwenye kofia ya Commandant, tone, tone, mpaka akasogeza kiti na kumtazama kwa jicho baya.

"We mama, hujaona fasi ingine?"

"Munisamehe, papa. Iko misumari pale tu."

Akarudi kukaa, mikono mapajani.

Saba alikuwa mwanajeshi mwenye mvi ndevuni. Huyu sitamsahau. Alipiga namba, taa ikawaka nyekundu, lakini hakuitoa sikioni. Akageukia ukuta akasema chini chini, "Maman, ni mimi. Niko muzima." Akanyamaza kama anasikiliza. Akasema, "Ee, nakulaka." Halafu akairudisha kwa wenzake, akafuta pua. Nilimwonea huruma, nakiri, na wakati huo huo nilitamani kumrarua.

Nane. Tisa.

Mkono wa Commandant ukanyooka tena. "Leta nirudilie."

Wakuu, sijui sauti ilitoka wapi. Ilikuwa nyembamba kama ya mwanakwaya.

"Mon commandant, unités iliisha."

Nikamwonyesha taa kwa kidole.

"Ile taa nyekundu njo inasema vile. Unités iliisha. Mukiendelea kupiga bila unités, banafunga ligne."

Kwetu vocha tunaiita unités, na hakuna Mkongo, awe na cheo gani, asiyejua uchungu wa kuishiwa. Commandant akaitikia kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za kifo.

"Inauzwa wapi?"

"Ulaya," nilisema.

"Kwa barua," akaongeza Papa Directeur, Mungu ambariki.

Commandant akafikiri. Kisha akanirudishia diski mkononi, akanishika bega. "Muweke unités ya kutosha. Samedi nitarudia." Wakaondoka na laptop, chai yote, na kiti.

Nikakaa sakafuni. Nilipowaeleza wenzangu kwamba limebaki jaribio moja, na kwamba tukikosea hilo hakuna tena orodha duniani, Maman Nabintu alianza Salamu Maria dakika ile ile.

Na Jumamosi anarudi. Ilibidi tufungue leo, tunakili orodha, tuwahamishe wale wavulana kabla hajajua alichokuwa ameshika.

Tukahesabu tulichonacho. Maman Nabintu: "Yangu naijua. Mugeuke kwa ukuta." Nikamwambia Maman, subiri kwanza, tuwe na zote.

Papa Directeur akawa anapapasa kidevu. Zake zilikuwa mwaka wa ndoa yake.

"Themanini na sita," akasema. Halafu, "Ao saba."

"Papa Bisimwa," Maman Nabintu alimwambia, "uende kwako uulize bibi yako."

Papa Directeur aliyetoka kusimama mbele ya bunduki nane bila kutikisika alitutazama kwa hofu ya kweli. "Nikamuulize tulioana mwaka gani? Mimi? Afazali Commandant arudi."

Na hata angeenda, namba mbili za mwisho zilikuwa kichwani mwa Papa Secrétaire, na kichwa cha Papa Secrétaire kilikuwa Walungu nyuma ya barabara iliyofungwa. Namba mbili ni uwezekano mia moja. Jaribio moja. Maman Nabintu akapendekeza novena. Nikamkumbusha novena ni siku tisa na Jumamosi ni keshokutwa.

Hapo yule mama akakohoa kwenye benchi. Tulikuwa tumemsahau kabisa.

"Samahani," alisema. "Ile namba munatafuta, ni namba ya nini? Si ya ile kamashini?"

Nikamjibu ndiyo mama, ni ya ile mashine, na bila Secrétaire hatuna.

Akatutazama mmoja mmoja, kama mwalimu anavyotazama dawati la mwisho.

"Siku zote nne, mulikuwa munamungojea Secrétaire juu ya namba?"

"Ee."

"Mimi nilizani ni juu ya signature." Akainuka, akakibandua kitenge chake kutoka kwenye valves. "Namba iko hapa."

Tukasogea.

Kati ya ratiba ya usafi na tangazo la kozi, karatasi mbili zenye cachet. *Procès-verbal. Objet: attribution du code secret.* Kifaransa kizuri kabisa. Kwamba Monsieur le Directeur amechagua 87, mwaka wa ndoa yake. Kwamba Madame la Présidente amechagua 33, umri wa Bwana wetu. Kwamba Secrétaire amechagua 19, namba ya PV hii yenyewe. Kwamba code kwa hiyo ni 87 33 19, imepitishwa kwa kauli moja, na ni siri. Sahihi nne. Chini kabisa: *Pour affichage aux valves*, yaani ibandikwe kwenye valves.

Tukatazamana. Maman Nabintu akasema polepole, "Alikuja kwangu siku ile ile. Akasema ni ya PV."

"Na kwangu," alisema Papa Directeur.

Tulikuwa tumefichana sisi kwa sisi, tukageukia ukuta kama wachawi, halafu kila mmoja akamwambia Papa Ntakwinja zake, kwa sababu PV ni PV. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema.

Nikaanza kuuliza kwa ukali ni mjinga gani aliyebandika hiyo kitu ukutani. Halafu nikaziona pini. Nyekundu mbili, bluu mbili. Hizo pini zilikuwa za droo yangu. Nikakumbuka Papa Ntakwinja ananipa makaratasi siku ile, nami nayabandika huku natafuna muhogo.

Code ya diski isiyoingilika ilikaa miezi saba koridorini, na kwa karibu saa nzima ilikuwa sentimita chache juu ya kofia ya mtu mmoja aliyepaswa kutoiona kuliko wote.

"Mama," nilimuuliza, "unasomaka Kifaransa?"

"Nilifundisha troisième primaire, darasa la tatu, miaka minane," alisema. "Siku ya kwanza nilimaliza kusoma matangazo. Siku ya pili nilisahihisha makosa. Kwa ile ya usafi kuna nne."

Kwa hiyo wakati mimi nahesabu taa, yeye alikuwa ameshaelewa ni mashine gani ile na namba zake ziko wapi. Aliona kofia ya Commandant chini yake. Angeweza kunyamaza tu, kama sisi. Akaenda akatundika kitenge. Mimi nilikuwa nimemwona mama wa vitunguu tu.

Maman Nabintu akanishika mkono, safari hii hakuna aliyegeuka ukutani. Nane, saba, tatu, tatu, moja, tisa. Ufunguo.

Kijani.

Papa Directeur akashangilia, halafu akakumbuka mke wake alikuwa akisema themanini na saba miaka yote, akanyamaza.

Laptop ya mkwe wa Maman Nabintu ikaletwa ikiwa na chaji ya mwisho mwisho. Kabla ya wavulana, kabla ya lolote, Maman Nabintu aliamuru, "Tafuta Zawadi." Nikatafuta. Zawadi, miaka sita, alama ya moto kwenye goti la kushoto, aliokotwa njia ya Kalehe. Anaishi kwa mama mmoja muuza makaa, Kadutu, kwenye ngazi nyuma ya kanisa.

Mama wa Minova akauliza ngazi gani. Nikamwelekeza.

Akakaa chini. Alikuwa anapita ngazi zile kila asubuhi akija kwetu kungoja, na kila jioni akirudi. Mtoto alikuwa ndani ya ule mlango, siku nne.

Nilimsindikiza mimi. Tulimkuta Zawadi anachambua mboga za lengalenga kwenye beseni. Akainua macho, akamtazama mama yake, akasema, "Mama, ulikawia," akachambua majani mawili matatu, kisha mikono ikamshinda. Mimi nikatazama pembeni. Aliyekawia nilikuwa mimi.

Wavulana tuliwahamisha wote usiku ule na kesho yake. Commandant hakurudi Jumamosi, alipelekwa kwingine, mstari wa mbele wa vita. Sijamsikitikia. Yule wa mvi namkumbuka, natumaini alipata simu ya kweli.

Sasa somo, maana najua mnalisubiri. Diski ile haikuwa na kosa, wakuu. Ilifanya kila kitu ilichoahidi. Tobo lilikuwa kwetu, kwa watu wanaosaini bila kusoma na kubandika bila kutazama. Kabla hujanunua encryption ya bei mbaya, kasome ukuta wa ofisi yako. Na muulize anayengoja kwenye benchi kama ameona kitu.

Papa Ntakwinja alirudi baada ya wiki mbili, na risiti za msiba mkononi, akasikiliza kisa chote bila kupepesa. Akasema jambo zito hili linahitaji PV. Tukabadilisha code, kwa zamu, macho ukutani, namba mbili za mwisho zikatoka kwake zikaja kwangu, na safari hii Maman Nabintu alikaa kwenye mlango na fimbo.

Jioni nikiwa nafunga ofisi, akanijia taratibu na kalamu yake.

"Mutoto yangu," akasema, "ile namba yako mpya, ni ya kuweka mu PV tu."

Wakuu, nawaapia, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nanyi semeni ukweli, ukutani kwenu kuna nini? Nipo hapa nasoma, safari hii nasoma kila kitu.